Mgeni Rasmi Yuko Njiani

Siku wifi yangu aliponiambia anataka kuogelea ziwa lote, kutoka gati letu hadi ng'ambo, nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Mimi ni fundi cherehani, sindano nazijua, lakini siku hiyo ilinipata. Nikanyonya kidole huku nikimtazama. Mwanamke mzima, kapita hamsini, nyonga zake zinaingia mlangoni kwa kupokezana, eti avuke ziwa.

"Wifi," nikamwambia, "kama umechoka kuishi sema, tukusindikize vizuri."

"Sitanii," akasema.

"Najua hutanii. Ndiyo maana nacheka."

Ndivyo tulivyo mimi na yeye. Nimeolewa na kaka yake, kwa hiyo nina ruhusa ya kumtania mpaka kaburini, naye ana ruhusa ya kunikumbusha kwamba kaka yake aliniokota. Lakini ruhusa yake haitumii. Ni mtu wa maneno machache. Mji mzima unamwita Mama Povu kwa sababu anafua nguo za hospitali, ingawa anayetoka povu katika ukoo huu ni mimi, na hilo halina ubishi.

Chumba chake cha kufulia kiko nyuma ya hospitali, karibu na jiko. Kina mashine mbili kubwa. Moja inafanya kazi, nyingine inawekewa ndoo juu. Kwa hiyo nusu ya shuka za wagonjwa anazifua kwenye karo la saruji, kwa mikono yake, na dawa ya madoa imemla ngozi mpaka kwenye viwiko. Kutwa kainama. Mgongo ukamkataa, daktari akamwambia aingie majini kila jioni ili upone. Huyo daktari hakujua anachokifanya. Wifi yangu alizaliwa ukingoni mwa ziwa, baba yake alikuwa anavusha watu, na alijua kuogelea kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alipoyarudia maji hakuyaacha tena.

Sasa, katika nguo zile anazofua kuna shuka ndogo za wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati. Shuka hizo nazikata mimi kutoka kwenye mabaki ya shuka za wakubwa. Wodi ilikuwa na mashine moja ya kuwapasha joto. Ikaanza kukohoa, ikabandikwa karatasi, ikasukumwa ukutani, na hapo ndipo ilipozikwa. Tangu siku hiyo watoto wakawa wanapashwa joto kwa chupa za maji ya moto zilizofungwa vitambaa. Chupa ikipoa, inabadilishwa. Wauguzi walikuwa wanakimbia na birika kama wapishi.

Binti ya Mama Povu alijifungua mapema. Mtoto wa kike. Nilikuwa nimemshonea kofia, na Sista wa wodi alipoijaribu ilimfika mpaka puani. Nikasema atakua. Chupa zilibadilishwa na kubadilishwa, na mtoto akapoa nazo. Alikuwa mjukuu wa kwanza wa wifi yangu, na wa kwanza wangu. Kesho yake kapu la nguo chafu lilishuka kama kawaida, na ile shuka ndogo ilikuwa ndani, akaifua yeye. Hakuna aliyekumbuka kuitoa. Mimi nililia wiki nzima. Yeye sikumwona akilia, na hilo ndilo lililonitisha.

Akaanza kwenda kwa wenye maduka kuomba wanunue mashine mpya. Mnawajua wenye maduka. Hawakosi mahali pa kuweka jina lao, ila wanakosa la kutoa. Huyu akasema biashara ngumu, yule akasema arudi mwisho wa mwezi, bila kusema mwezi upi. Mwishowe muuza saruji, mwenye tumbo la kutangulia na cheko la kufuatia, akamwambia mbele ya wateja: "Mama Povu, wewe si unajitia samaki? Vuka ziwa kwa kuogelea, bila kugusa boti, sisi wenye maduka tununue mashine nzima."

Watu wakacheka. Yeye akasema, "Mmesikia alivyosema," akaondoka.

Na hapo ndipo ninapowadharau watu, na sifichi. Mtoto akifa kwa baridi, hawatoi hata shilingi. Bibi yake akikubali kufa kwa maji mbele yao, mifuko inafunguka. Wanaiita huruma. Mimi nimeshona nguo za watu wa kila aina na sijaona mfuko unaofunguka kwa huruma peke yake.

Neno likatoka, na katika mji wetu neno haliwezi kufika sokoni kabla halijaundiwa kamati. Mwenyekiti akawa mwalimu mkuu mstaafu, mtu asiyeweza kuomba chumvi mezani bila kusema "kwa niaba ya". Kamati ikakutana, ikakutana tena. Ikajadili rangi ya fulana. Ikajadili mahema, na nani akalie kiti chenye kitambaa na nani akalie cha plastiki. Wifi yangu aliitwa kila kikao, anakaa pembeni na mikono yake iliyochubuka, na kikao kinafungwa bila mtu kumuuliza hata hali.

Siku moja nikafuatana naye, nikanyoosha mkono. "Huyu akiwa majini atakula nini?"

Mwenyekiti akapekua makaratasi. "Hoja nzuri sana, mama. Iko kwenye mengineyo."

Mengineyo hatukuyafikia. Muda uliishia kwenye kofia za wageni.

Nguo ya kuogelea nikamshonea mimi, ya kitambaa kinachovutika, mikono mirefu, miguu mpaka kwenye kifundo. Wanakamati wakaja wakitaka niandike jina la duka la saruji kifuani na jina la mgeni rasmi mgongoni. Nikawaambia huyu ni mtu, si ukuta. Wakanuna, wakaandika majina yao kwenye mahema.

Sasa kuna jambo moja ambalo kila mtu hapa kwetu analijua, mwenye shule na asiye nayo. Ziwa letu hutulia alfajiri. Jua likipanda, upepo unaamka, na aliyeko katikati anajuta. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyesema safari ianze alfajiri kabla ya upepo, wote wakakubali. Kisha katika kikao hicho hicho wakakubaliana kwamba mtu haingii majini mpaka mgeni rasmi apulize filimbi. Hakuna hata mmoja aliyeona kwamba maneno hayo mawili hayalali kitanda kimoja.

Siku ikafika. Giza halijaisha tulikuwa gatini. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Nikampaka wifi yangu mafuta ya mgando shingoni na kwapani ili nguo isimchubue, nikafunga chupa ya chai ya sukari kwenye mpini wa fagio, ili nimpe kutoka kwenye boti bila yeye kuigusa. Boti ilikuwa ya muuza saruji, na nahodha wake alikuwa ameagizwa awe shahidi: kidole kikigusa boti, hakuna mashine. Mtu mkimya, anatafuna njiti ya kiberiti.

"Tuingie," Mama Povu akasema.

"Bado, mama," Mwenyekiti akasema. "Mgeni rasmi yuko njiani."

Yuko njiani! Kuna watu katika dunia hii wamezaliwa, wakaoa na wakazeeka wakiwa njiani. Jua likachomoza. Yuko njiani. Mshereheshaji akajaribu kipaza sauti, akajisikia mwenyewe, akapenda alichosikia. Kwaya ikaimba, ikamaliza, ikaanza tena. Nikamuuliza Mwenyekiti huyo mtu kafika wapi. Akanong'ona kwenye simu, akarudi: "Anamalizia chai." Kumbe njia yenyewe inapita mezani.

Wifi yangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mafuta yanamyeyuka mwilini.

"Mama, usiwe na wasiwasi," Mwenyekiti akamwambia. "Haraka haraka haina baraka."

"Ngoja ngoja nayo huumiza matumbo, mwalimu," akasema yeye, msema machache.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakumwona huyu wetu. Huyu ilikuwa mwenyeji afe kwanza ndipo yeye aje.

Halafu pindo la hema likatikisika kwa upepo. Kidogo tu. Mama Povu aliliona, na mimi niliona. Nikamwona na Mwenyekiti akiliona, kisha akaangalia viatu vyake. Hapo ndipo nilipomchukia hasa. Mjinga namsamehe, lakini huyu alijua.

Wifi yangu akasimama. "Naenda kujisaidia."

Hata kwa hilo Mwenyekiti aliangalia saa. "Usikawie, mama, ratiba."

Akazunguka nyuma ya hema, nami nikamfuata na fagio langu na kikapu cha ndizi. Nyuma ya hema kulikuwa na maji tu, na boti inangoja pembeni. Hakugeuka. Aliingia kama anavyoingia kazini, akajilaza, akaanza. Nahodha akatema njiti yake, akawasha injini, nami nikajitupa botini magoti mbele.

Tulikuwa tumekwenda mbali kidogo ndipo kipaza sauti kikashtuka. "Muogeleaji anaombwa kurudi! Muogeleaji! Rudi mara moja! Mgeni rasmi yuko njiani!" Kwaya ikadhani imeitwa, ikaanza kuimba. Nikasimama botini nikawajibu. Nilichojibu sikirudii hapa, nina wakwe.

Nusu ya kwanza alikwenda vizuri. Mkono, mkono, pumzi. Chai anakunywa amelala chali, ndizi anamenyewa na mimi, anarushiwa. Tulipofika katikati, ufuko wa nyuma na wa mbele ukilingana, simu yangu ikalia. Mwenyekiti.

"Mheshimiwa amefika," akasema, anahema kwa furaha. "Mwambie mama arudi aanze upya."

Nilidhani upepo umenipotoshea maneno. "Afanye nini?"

"Aanze upya. Hajazinduliwa rasmi."

"Mwalimu," nikamwambia, "wewe kuna mtu alikuzindua ulipozaliwa? Maana naona mpaka leo hujaanza." Nikakata.

Baadaye niliambiwa walichofanya. Mheshimiwa alisimama gatini, akahutubia, akalipulizia filimbi ziwa tupu, na watu wazima wakapiga makofi.

Basi upepo ukaja. Laiti tungeondoka kwa wakati wetu, saa hiyo angekuwa amekaribia kufika. Mawimbi yakawa yanampiga usoni, kila akifungua mdomo anameza. Akatapika chai yote. Akainua mkono, mkono ukashuka karibu pale pale ulipotoka. Kisha akaacha. Akalala chali, macho yamefumba, midomo imebadilika rangi.

Nahodha akazima injini. "Mama, tumtoe," akaniambia polepole. "Nitasema hakugusa."

"Wakijua je?"

Akaangalia maji, kwa sababu wangejua. Mji huu hautunzi siri ya mtu.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa mpaka meno yaligongana, na nikiogopa natukana. "We Mama Povu!" nikapiga kelele. "Mimi nimevumilia mikoromo ya kaka yako miaka yote hii, wewe unashindwa na maji? Ukifa humu unadhani shuka zile nitafua mimi? Sifui! Nasema sifui hata moja!"

Akafumbua jicho. "Wifi."

"Nini?"

"Ile kofia uliitupa?"

"Ipo. Ipo kwenye droo ya cherehani."

"Usiitupe," akasema. Akajigeuza kifudifudi, akaendelea. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye aliyaoga mpaka mwisho, mkono mmoja mmoja, huku mimi nikimtukana njia nzima na machozi yananitoka.

Ng'ambo hakukuwa na hema wala kwaya. Kulikuwa na mtu mmoja anaosha pikipiki yake. Alimwona wifi yangu anatoka majini kwa magoti, anashika mchanga, analala juu yake. Akamuuliza kwa huruma, "Mama, boti imeharibika?"

Nilimfunika kanga zangu mbili, nikamsugua miguu. Alikuwa anatetemeka hata jina lake hawezi kulitaja. Na hapo ndipo magari yakafika kwa mstari, honi na vumbi, kamati nzima, muuza saruji, na Mheshimiwa mwenyewe, suti imenyooka, viatu vinang'aa. Mwenyekiti akaja akachuchumaa. Nilidhani anataka kumpa pole.

"Mama, hongera," akasema. "Sasa rudi majini kidogo. Kiunoni tu panatosha. Mheshimiwa akupokee, tupate picha."

"Ebo!" nikaruka. "Huyu arudi wapi?"

Wifi yangu akaniwekea mkono gotini. Akamtazama muuza saruji. "Mashine?"

Muuza saruji akakwepa macho. "Mashine ipo, mama. Lakini bila picha, wenzangu watajuaje?"

Nahodha pale pale akasema, "Mimi nilikuwepo. Hakugusa." Hakuna aliyemsikia, au wote walimsikia.

Wifi yangu akarudi majini. Nilimshika mkono mpaka maji yakamfika magotini, wakanifukuza nisiingie kwenye picha. Akaenda mpaka kiunoni, akageuka, akatoka. Mheshimiwa hakutaka kulowesha viatu, kwa hiyo alisimama pakavu amenyoosha mkono, na wifi yangu ndiye aliyetambaa kuufuata. Mpiga picha akasema mwanga haukukaa vizuri, warudie. Wakarudia. Picha ile iko mpaka leo kwenye kalenda ya duka la saruji, Mheshimiwa anatabasamu, na wifi yangu anaangalia chini.

Mashine ililetwa. Hilo siwezi kuwanyima. Ilikuja katika sanduku, mpya, kioo kinang'aa, Sista akaijaribu ikawaka, akafurahi akapiga kigelegele. Kisha Mwenyekiti akaja na utepe mwekundu mpana, akaizungushia mashine, akafunga fundo la maua. Isiguswe, akasema, mpaka izinduliwe. Na nani? Na mgeni rasmi. Na yuko wapi? Mnajua alipo.

Wiki ikapita, na nyingine. Mheshimiwa ana safari, Mheshimiwa ana mkutano. Mashine imekaa katikati ya wodi na utepe wake kama zawadi ya harusi, na pembeni yake wauguzi wanaendelea kukimbia na birika.

Adhuhuri moja wifi yangu akaingia dukani kwangu, sare ya kazi imelowa, anahema.

"Wifi, nipe mkasi."

"Wa uzi au wa kitambaa?"

"Mkali."

Sikuuliza tena. Nikafungua droo, nikachukua mkasi, na chini ya mkasi ilikuwepo kofia, nikaichukua nayo. Njiani akaniambia kwa kifupi: kapeleka shuka wodini, kakuta binti mmoja amejifungua kabla ya wakati, mtoto wa kike, amelazwa katikati ya chupa, nusu hatua kutoka kwenye mashine. Amemshika mguu. Umeanza kupoa.

Alipoingia hakuomba ruhusa ya mtu. Aliukata utepe mara moja, krap, ukaanguka sakafuni na maua yake. Sista akaangalia mlangoni, akaangalia utepe, kisha akachomeka waya. Wakamweka mtoto ndani, nikamvisha kofia. Ilimfika puani. Wifi yangu akasimama pale na mkasi wangu mkononi mpaka mtoto alipopata rangi, ndipo yeye mwenyewe akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya wote, kilio cha miezi yote ile, nasi tukamwacha alie.

Kesho yake asubuhi Mwenyekiti akaja dukani. Hakuketi. Uso umekunjamana.

"Wifi yako ametuaibisha," akasema. "Mheshimiwa anakuja kesho. Nahitaji utepe mwingine, mwekundu, upana ule ule."

Nikatoa utepe kabatini, nikaupima taratibu. Nilitaka kumtupia usoni, lakini nilikuwa na swali.

"Mwalimu, ndani ya mashine kuna mtoto. Akitolewa atapoa. Sasa mtafunga naye humo humo?"

Akavua miwani. Akaipangusa kwa shati lake, akaitazama kwenye mwanga, akafikiri. Naapa, mtu yule alisimama mbele ya cherehani yangu akafikiri. Kisha akavaa miwani yake, akainama kwangu kama mtu anayeuliza jambo la kawaida.

"Huyo mtoto," akasema, "analia lia? Hotuba itakuwa ndefu."